Njia ya Baiskeli Ikiondolewa, Mtoto Atapita Wapi?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama uko kibandani, ongeza sauti ili jirani naye asikie.

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tunazungumza juu ya barabara. Labda unajiuliza, tangu lini barabara ikawa mambo ya kliniki? Msikilizaji, Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, kinachowaua zaidi duniani si malaria wala ukimwi. Ni ajali za barabarani. Hapa kwetu Kenya, kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 tulizika zaidi ya watu 4,000 waliouawa barabarani, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wakitembea kwa miguu. Hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa wakienda kazini, sokoni, shuleni.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema, "Hii njia ya baiskeli inakaa bure, iondolewe magari yapate nafasi," jua kwamba anazungumza juu ya afya ya mtoto wako, hata kama yeye mwenyewe anafikiri anazungumza juu ya msongamano wa magari tu.

Kwanza tuelewane. Nikisema njia ya baiskeli nina maana ya ule ukanda ulio kando ya barabara kubwa, uliotengwa na magari kwa ukingo wa simiti, kwa mtaro au kwa nyasi, ambako gari haliruhusiwi kuingia. Thika Road iliwekewa ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Outer Ring Road nayo iliwekewa ilipopanuliwa, kwa hiyo watu wa Kariobangi, Umoja, Donholm, Tassia na Pipeline wanajua ninachosema. Na hata pale ambapo hakuna lami maalumu, pana ule ukingo wa udongo ambao watu wameukanyaga miaka mingi hadi ukawa njia. Jogoo Road ni mfano mzuri. Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na wafanyakazi hao walikwenda Industrial Area na mjini kwa miguu na kwa baiskeli.

Najua mama mmoja anasema sasa hivi, "Mimi siendeshi baiskeli, hayo ni mambo ya wanaume." Ni kweli, akina mama wengi wa Kayole au Dandora hawaendeshi. Lakini hebu simama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kando ya Outer Ring utazame ni nani anayepita katika ukanda ule. Kuna mlinzi wa usiku anayerudi nyumbani na baiskeli yake nyeusi. Kuna kijana wa mkate mwenye kreti zilizofungwa kwa mpira. Kuna fundi na mfuko wa vyombo. Kuna mzee wa mkokoteni na mitungi ya maji. Kuna mtu wa kiti cha magurudumu ambaye hawezi kuruka mtaro kama wewe. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni anayekwenda Mama Lucy kabla foleni haijawa ndefu. Na kuna watoto wa shule, wawili wawili, mkubwa amemshika mdogo mkono. Kwa jina ni njia ya baiskeli. Kwa matumizi ni njia ya kila mtu asiye na injini.

Na hao si wachache. Uchunguzi wa usafiri uliofanywa Nairobi kati ya mwaka 2004 na 2006 kwa msaada wa JICA, shirika la Japani, ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari zote za jiji hili zilikuwa za kutembea. Magari ya kibinafsi yalibeba chini ya safari 20 katika kila 100. Ukitazama barabara kutoka dirisha la gari utadhani jiji ni la magari. Ukitazama kutoka chini, utaona mambo mengine.

Sasa tuje kwa neno lenyewe, msongamano. Sitaki kuudharau. Anayekaa Komarock na kufanya kazi Westlands anajua maana ya kutoka nyumbani mtoto akiwa amelala na kurudi mtoto akiwa amelala tena. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa ndani ya teksi, katikati ya foleni ya magari usiku wa mvua, hahitaji kuelezwa na mtu kwamba msongamano ni mbaya. Swali letu ni hili: je, kuondoa njia ya baiskeli kutaupunguza?

Fikiria siku ya maji katika ploti. Mnajua jinsi ilivyo. Maji yanakuja mara moja au mbili kwa wiki, mfereji ni mmoja, mitungi imepangwa mpaka kwenye lango. Mwenye ploti anaongeza mfereji wa pili. Siku ya kwanza, foleni inakuwa fupi na kila mtu anafurahi. Wiki ya tatu ploti za jirani zimesikia kwamba kwenu kuna mifereji miwili, na aliyekuwa akinunua maji kwa mkokoteni sasa anakuja kwenu, na aliyekuwa akifua mara moja anafua mara mbili. Foleni imerudi palepale langoni. Barabara nazo ndivyo zilivyo. Ukiipanua, aliyekuwa akipanda matatu ananunua gari, aliyekuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri anatoka saa moja, na mitaa mipya inajengwa mbele zaidi kwa sababu "barabara ni nzuri". Thika Road ilifanywa kuwa na njia nane. Muulize mtu wa Githurai jinsi Ijumaa jioni inavyokuwa.

Tena kuna jambo la vipimo. Njia ya baiskeli kwa kawaida ina upana wa mita mbili hivi, pengine pungufu. Gari linahitaji njia ya mita tatu au zaidi ili lipite salama, na matatu kubwa inahitaji nafasi kuliko hapo. Kwa hiyo ukishabomoa njia ya baiskeli hujapata njia kamili ya magari. Umepata kipande cha lami ambacho mwenye haraka atakitumia kupita upande wa kushoto, pale pale ambapo watu wanashukia kutoka kwenye matatu.

Na yule mwenye baiskeli je? Hajapotea. Kazi yake bado iko Industrial Area na nauli bado hana. Amehamia mbele ya matatu. Sasa matatu ya watu 33 inatambaa nyuma ya baiskeli moja yenye kreti za mkate, dereva anapiga honi, kondakta amening'inia mlangoni akitukana, na dereva anapopata upenyo anaruka kwa nguvu kwenda upande wa pili. Mlitaka magari yaende haraka. Yameenda polepole zaidi, na mtu anaweza kufa.

Katika jiji letu tumeona mfano mkubwa. Barabara ya juu, Nairobi Expressway, ilijengwa kuanzia mwaka 2020 na magari yakaanza kuitumia Mei 2022. Ni kilomita 27, kutoka upande wa Mlolongo hadi Westlands. Wakati wa ujenzi, njia za kutembea na madaraja ya kuvukia kwa miguu kando ya Mombasa Road viliharibiwa au kuondolewa sehemu nyingi. Watu wa Imara Daima na Mukuru, ambao ni majirani zetu kabisa, walibaki wakipita kati ya malori na vifusi, na wakivuka barabara kwa kukimbia. Juu, gari linalipa na kupita. Baiskeli, pikipiki, tuktuk na mtu wa miguu haviruhusiwi kupanda huko. Sisemi barabara ile haina faida. Aliye na haraka ya kwenda uwanja wa ndege anaishukuru. Nasema tu kwamba nafasi yake ilitoka kwa mtu fulani, na mtu huyo hakuulizwa vya kutosha.

Outer Ring nayo ilitufunza kwa uchungu. Lami ilitangulia na magari yakaanza kukimbia kabla ya madaraja ya kuvukia kwa miguu kukamilika. Watu waligongwa wakivuka kwenda upande ambao walikuwa wamevuka maisha yao yote. Kuna akina mama wanaosikiliza kipindi hiki ambao nikitaja mahali hapo wananyamaza. Poleni sana.

Sasa niseme kama mhudumu wa afya.

Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi hawezi kupima mwendo wa gari linalokuja. Si kwamba ni mkaidi au hukumfunza vizuri. Akili yake na macho yake bado hayajakomaa kwa kazi hiyo. Anaona gari, lakini hajui kama litafika sasa au baadaye. Tena ni mfupi. Akisimama nyuma ya gari lililoegeshwa, yeye haoni na dereva hamwoni. Ndiyo sababu mtoto wa gredi ya pili anahitaji kitu kilichojengwa kumtenga na magari, ukingo wa simiti, si maneno ya "angalia kulia, angalia kushoto" peke yake.

Mwendo nao una uzito wake. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa likimgonga mtu, mara nyingi mtu huyo hupona. Kadiri mwendo unavyopanda kwenda 50 na zaidi, hatari ya kifo huongezeka mara nyingi. Barabara ikipanuliwa, magari huongeza mwendo wakati hakuna foleni, yaani usiku, Jumapili, na mchana wakati watoto wadogo wanatoka shule. Na hapa niweke neno moja la huduma: mtoto akigongwa, hata kama ameinuka mwenyewe na kusema haumii, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akichanganyikiwa, usingoje asubuhi.

Kisha kuna moshi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa miezi sita hupumua mara 30 hadi 50. Anavuta hewa chafu mara nyingi kuliko mama anayembeba, na akianza kutembea, pua yake iko karibu kabisa na kimo cha bomba la moshi la gari. Ule moshi mweusi wa dizeli una chembe ndogo sana ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu. Unaongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo na kuamsha pumu kwa wakubwa. Moshi hupungua kadiri unavyosogea mbali na gari, hata hatua chache. Mita mbili za njia ya baiskeli na mita moja ya nyasi si anasa. Ni nafasi ya kupumua. Ukiziondoa, mtoto anatembea akiwa amegusana na matatu.

Jambo la tatu ni mwili wenyewe. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Katika mitaa yetu viwanja vya kuchezea vimekwisha, vingine vimekuwa majumba, vingine vimekuwa maegesho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu. Tunawaambia watu kila siku kliniki, "Fanya mazoezi, tembea." Watembee wapi? Siwezi kumwandikia mtu mazoezi kwenye kadi halafu nikae kimya wakati mahali pa kuyafanyia panaondolewa.

(Muziki mfupi)

Karibu tena msikilizaji. Tuko katika mazungumzo juu ya njia za baiskeli. Sasa nataka kusema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, lakini bora tuambiane.

Njia nyingi za baiskeli hapa Eastlands hazijaondolewa na serikali. Zimeondolewa polepole na sisi. Pita leo kando ya Outer Ring au Kangundo Road. Hapa kuna matatu tatu zimeegeshwa juu ya njia zikingoja abiria. Mbele kuna fundi wa magari, ameweka injini chini na mafuta yamemwagika. Mbele tena ni kituo cha petroli kilichokata ukingo ili magari yaingie kwa wepesi. Bodaboda nao wanapita humo kwa kasi kwa sababu barabarani kuna foleni. Halafu kuna mama mboga, na sukuma wiki zake, na mwavuli wake, na mtoto wake amelala kwenye katoni nyuma ya meza.

Mama mboga, sikulaumu. Unauza pale kwa sababu wateja wanapita pale, na wateja wanapita pale kwa sababu wanatembea. Hebu fikiria hilo vizuri. Aliye ndani ya gari hasimami kununua nyanya za shilingi ishirini. Anayekulisha ni mwenda kwa miguu. Njia yake ikigeuzwa barabara ya magari, wa kwanza kuondolewa si yeye, ni wewe, na utaondolewa na tingatinga alfajiri bila notisi. Wewe na mwenye baiskeli mko mashua moja. Kwa hivyo rudi nyuma hatua tatu. Panga meza yako ukutani au ng'ambo ya mtaro, uache upana wa mkokoteni upite. Wauzaji wa sehemu moja wakikubaliana wenyewe, wakachora mstari wa chokaa na kusema hakuna kuvuka hapa, hata askari wa kaunti wakija mna la kuwaambia. Mkiziba njia yote mmempa mwenye kutaka kuibomoa maneno ya kusema: "Mnaona? Hakuna baiskeli hapa."

Maana ndivyo wanavyosema kila mara. Njia haina watu, kwa nini ikae? Lakini njia iliyokatwa kila hatua hamsini na gari, mtaro wazi au lundo la takataka haiwezi kuwa na watu. Ni kama kusema daraja halina kazi baada ya kuondoa mbao zake. Lisafishwe na litengenezwe kwanza, ndipo tuhesabu.

Wala mabishano haya si ya Nairobi pekee. Nchini Kanada, serikali ya mkoa wa Ontario ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuondoa njia za baiskeli katika barabara tatu kubwa za mji wa Toronto, ikisema itapunguza msongamano. Waendesha baiskeli walikwenda mahakamani. Julai 2025 jaji aliamua kwamba hatua hiyo inakiuka katiba ya nchi hiyo, kwa kuwa ingeweka maisha ya watu hatarini, na ushahidi haukuonyesha kwamba ingepunguza msongamano. Hao ni watu wenye barabara pana na magari mengi kutuzidi. Karibu nasi, Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi ya mwendokasi mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, ilijenga njia ya basi, njia ya kutembea na njia ya baiskeli pamoja. Basi moja kubwa hubeba watu ambao wangejaza magari mengi sana. Huko ndiko nafasi inakopatikana, msikilizaji. Nafasi ya kupunguza msongamano iko ndani ya yale magari yenye mtu mmoja mmoja, haiko miguuni pa mtoto.

Sasa tufanye nini?

Kwanza ujue kwamba sheria iko upande wako kuliko unavyofikiri. Machi 2015 Kaunti ya Nairobi ilizindua sera yake juu ya usafiri usiotumia injini, yaani kutembea na baiskeli, na ndani yake iliahidi kutenga asilimia 20 ya pesa za barabara kwa kazi hiyo. Hiyo ni ahadi iliyoandikwa. Ukienda kwenye kikao cha maoni ya wananchi juu ya bajeti katika wadi yako, simama uulize asilimia hiyo iko wapi mwaka huu. Usiogope kwamba hukusoma sana. Swali la pesa linaeleweka kwa lugha yoyote.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo unaweza kuomba kuona ramani ya barabara inayopangwa mtaani kwenu. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Ombi hilo si lazima liandikwe na wakili. Karatasi moja inatosha: sisi wakazi wa mahali fulani, njia fulani, tunaomba hivi, kisha majina na sahihi. Wazazi wa shule moja tu wakitia sahihi ni watu mia kadhaa. Kikundi cha chama, kikundi cha kanisa, kamati ya msikiti, wauzaji wa soko, wote waitie.

Muulize pia mwenye barabara ni nani, maana watu hutupwa huku na huku. Barabara kuu kama Mombasa Road na Thika Road ziko chini ya KeNHA. Outer Ring ilipanuliwa na KURA, halmashauri ya barabara za mijini. Njia nyingi za ndani ya mitaa ni za kaunti. Mradi mkubwa hupitia NEMA kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni kabla ya leseni kutolewa. Tangazo huwa gazetini, kwa hivyo kijana wako anayesoma magazeti ya kufungia nyama na aanze kuyasoma kabla nyama haijafungwa.

Mkipata nafasi ya kumwona mhandisi, msimwendee na kelele. Mwulizeni swali moja na mkae mkingoje jibu: wakati wa ujenzi, na baada ya ujenzi, mtoto wa shule hii atapita wapi? Akisema patajengwa daraja, mwulizeni kama litakuwa tayari kabla magari hayajaruhusiwi kupita. Akisema njia itarudishwa baadaye, mwambieni aiandike na tarehe. Mama mwenye mtoto mgongoni aliyesimama kimya akingoja jibu huwa anasikika kuliko mtu mwenye kipaza sauti.

Kuna pia vikundi vya waendesha baiskeli hapa jijini. Critical Mass Nairobi, kwa mfano, hupanga matembezi ya baiskeli ambapo watu wengi huendesha pamoja mjini ili waonekane. Kijana wako akipenda, mruhusu ajiunge, lakini avae kofia ngumu.

Na wakati tunangoja hayo yote, mtoto bado ana shule kesho asubuhi. Kwa hivyo: mtembee mkikabili magari yanayokuja, si kwa kuyapa mgongo. Mtoto awe upande wa ndani, wewe upande wa magari, na umshike kifundo cha mkono, kwa maana kiganja huteleza. Msivuke mbele ya matatu iliyosimama, ngojeni iondoke. Shona kipande cha kitambaa cheupe au cha rangi kali kwenye mkoba wake kwa ajili ya alfajiri. Kama mko wazazi watano katika ploti moja, pangeni zamu, mmoja awapeleke watoto wote Jumatatu, mwingine Jumanne. Watoto kumi wakitembea pamoja na mtu mzima mbele na mwingine nyuma, dereva huwaona. Mwenye baiskeli naye aweke taa nyuma, hata ile ya bei ndogo ya betri, na mama wa nyumba akague breki Jumapili jioni kama anavyokagua sare za shule.

Wale mnaotaka mfano wa barua ya ombi, muulize mhudumu wa afya ya jamii aliye karibu nawe awasaidie kuandika. Nusu ukurasa tu.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya mtoto anayekohoa usiku: lini ni mafua tu, na lini ni kukimbia hospitali. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde karibu nawe, kwa sababu tutahesabu pumzi pamoja. Kwaherini.